Mbegu Zilizokwaruzwa

Kiringye, tarehe 4 mwezi wa tisa, 2024

Mdogo wangu mpendwa Agnès,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe, shemeji na watoto, huko kwenye baridi mliko. Natumaini barua hii inawakuta mkiwa wazima, mgongo wako uliokusumbua wakati wa kukamua umetulia, na watoto bado wanajua kumsalimia mtu mzima kwa Kiswahili kinachoeleweka. Mimi mwili hauna neno. Magoti yananung'unika asubuhi, lakini nikiyatembeza yananyamaza.

Naanza kwa kukuomba radhi. Tangu mwezi wa saba umekuwa ukinitumia sauti kwenye simu, nami sijakujibu hata mara moja. Nilizisikiliza zote. Katika za kwanza ulikuwa ukiuliza habari, katika zile za katikati ulikuwa umekasirika, na katika ya mwisho ulisema labda Mwalimu amezeeka hata amesahau herufi. Sikusahau herufi. Ila kuna jambo ambalo siwezi kulitamka kwenye simu ili lipigwe kwa sauti kubwa jikoni kwenu, kila mtu akilisikia huku anamenya viazi. Keza, yule jirani yenu aliyekuja likizo, anarudi huko Jumatatu, nami nimemwomba akuletee karatasi hizi mkononi. Zisome ukiwa peke yako.

Tangu nianze kuandika nimesimama mara nyingi. Naandika mistari michache, natoka mlangoni, natazama mlima, narudi, nakuta wino umekauka kwenye kalamu. Ua nimeufagia wakati ulikuwa umekwisha kufagiliwa. Unakumbuka nilivyokuwa nikiwaadhibu watoto waliochezesha miguu chini ya dawati, wewe ukiwa mmoja wao. Leo miguu inayocheza ni yangu, na hakuna wa kuniadhibu.

Habari za jamaa ni hizi. Mwanangu Thierry na mkewe Noella wako salama Uvira. Ziwa liliwatoa kwenye nyumba yao ya kwanza, kama unavyojua. Sasa wamejenga juu zaidi, upande wa mlimani, na wamenitengea chumba chenye dirisha na kitanda kipya. Mwanangu anasema mama yake hawezi kuendelea kukaa peke yake bondeni na barabara isivyo salama. Jumapili ya tarehe 15 atakuja na gari la rafiki yake ili kuchukua vitu vyangu. Hakuniuliza kama nitakwenda. Aliniuliza tu kama kabati litapita mlangoni.

Sasa nakuja kwenye swali lako, lile unalolirudia katika kila sauti: ile mbegu imefika wapi? Nitakujibu kwa utaratibu, kwa sababu mambo yote mengine yanatoka humo.

Lile kopo la kahawa lenye mbegu ulilolituma miaka minne iliyopita lilifika salama, na ule unga mweusi wa kuchanganya na mbegu, wenye vijidudu vya kuusaidia mzizi, ulifika pia. Ulinieleza kwamba ni astragali, mmea ambao yule mzungu unayemkamulia ng'ombe anaupanda kwenye ardhi isiyopata mvua ya kutosha. Kwamba mzizi wake unakwenda chini sana kutafuta maji. Kwamba ng'ombe wanaula bila kuvimba tumbo kama wanavyovimba wakila majani mengine ya jamii ya maharagwe. Ukasema niupande kwenye ule mtelemko wa marehemu baba ambao hauzai tena hata muhogo. Nilikubali. Lakini ulisema pia kwamba kabla ya kupanda ni lazima niikwaruze mbegu kwa karatasi ya msasa, kwa sababu ganda lake ni gumu na maji hayaingii. Hapo ndipo nilipokataa moyoni.

Wewe uliondoka ukiwa mdogo, labda umesahau. Mama alipochagua maharagwe ya mbegu alikaa na ungo mapajani, na kila punje yenye mkwaruzo aliitupa kwenye chungu cha kupikwa. Punje ya mbegu ilipaswa kuwa nzima. Mwanamke aliyepanda punje zenye majeraha alichekwa, na shamba lake likiota mapengo watu walisema wanajua sababu. Hivyo nilikaa na mbegu zako nikashindwa. Nyingine niliziacha kwenye kopo; za kupanda nilikwaruza nusu kwa ajili yako, na nusu nikaiacha nzima kwa ajili ya mama. Nilizichanganya na unga mweusi zikiwa na unyevu kidogo, nikazipanda mvua za mwezi wa kumi zilipoanza, juujuu tu, kina cha ukucha, nikakanyaga udongo kwa miguu kama ulivyoagiza.

Zikatoka. Lakini, Agnès, zilitoka kwa unyonge gani! Vijani vidogo, viwili viwili, vimejipanga kwenye kijiti chembamba kama uzi. Mpaka Noeli havikuzidi kidole changu. Mama Ushindi, jirani yangu na kiongozi wa akina mama wa parokia, alikuja, akainama, akaniuliza: "Mwalimu, minye nauliza tu, weye ulipanda nini hapa? Ao haujapanda bado?" Nilimjibu kwamba mmea huu unaanza kwa kujenga mzizi, juu utakuja baadaye. Akasema sawa, lakini aliisema ile sawa ya kumwambia mgonjwa.

Mwezi wa kwanza akafariki Shangazi Candide kule Makobola, nawe ulimlilia kwenye simu. Nilikwenda kilioni, nikakaa huko mpaka matanga yakaisha. Unaijua desturi ya kwetu: mtu akiwa kwenye kilio, wenzake wanamlimia. Akina mama wa parokia walikusanyika na majembe yao, wakaimba, wakapalilia mashamba yangu yote. Niliporudi Mama Ushindi alinishika mkono, hata mzigo sijautua, akanivuta mpaka kwenye mtelemko. "Ona, Mwalimu! Shamba iko safi kama sahani!" Na kweli ilikuwa safi kama sahani. Astragali zako zote zilikuwa zimelazwa kando pamoja na magugu, mizizi juu, zimekauka. Akina mama walikuwa wamesimama nyuma yangu wakingoja. Nilishukuru. Nilitoa hata kinywaji. Kisha niliingia ndani nikajilaza na viatu miguuni, jambo ambalo hujapata kuniona nikilifanya.

Sikukuambia wakati ule kwa sababu niliona aibu kwa ajili yao. Na kabla sijapata maneno, mwezi wa tatu nilipita pale kutafuta kuni, nikaona vijani viwili viwili. Nikapiga magoti. Vilikuwa vingi, mahali pote palipopita majembe. Zilikuwa mbegu za mama, zile zisizokwaruzwa. Zilikuwa zimelala ardhini na maganda yao magumu, zikangoja mpaka udongo wenyewe uzilainishe, majembe yakapita juu yake bila kuzijua. Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu. Safari hii nilizungushia miiba, nikamwambia Mama Ushindi kwamba atakayeingia na jembe nitamwombea sala mbaya. Toka siku hiyo kijiji kizima kinauita mmea huo majani ya Mwalimu.

Kiangazi kilipofika, ng'ombe wa Rurambo, kule juu mlimani, wakashuka bondeni kama kila mwaka, na maneno yakaanza kama kila mwaka. Unajua watu wa mlimani na sisi wa bondeni tunavyotazamana siku hizo: ng'ombe mmoja akila muhogo, jioni wanaume wamekwisha kushika fimbo. Asubuhi moja nilikuta miiba yangu imefunguka na ng'ombe mwekundu amesimama katikati ya astragali, anatafuna amefumba macho. Nilimfunga kwa kamba ya kisima, nikampeleka kwa kapita, mkuu wa kijiji chetu, nikadai mwenye ng'ombe aitwe.

Alikuja mzee mmoja mrefu, mkongojo mkononi, kofia ameivua tangu mbali. Jina lake Sévère, mgane, katekista wa kule Rurambo. Watu walikuwa wamejaa wakingoja ugomvi. Nilisema maneno yangu yote, nawe unajua nikianza. Yeye hakukana. Alipopewa nafasi aliuliza ng'ombe amekula tangu saa ngapi. Nikamwambia bila shaka tangu alfajiri. Akamzunguka ng'ombe wake, akampigapiga ubavu kama mtu anayebisha hodi, akasema tumbo halikuvimba. Kisha akasema kwamba ng'ombe huyu alipita kwenye mahindi yaliyovunwa, akapita kwenye majani ya viazi vya jirani, akavuka mfereji, akapasua miiba ili kufika pale. Akamalizia: "Basi naomba, Mwalimu, haya ni majani gani?" Nami, mbele ya watu wote, badala ya kudai haki yangu nikaanza kumfundisha. Nilimwonyesha maganda yanayobeba mbegu, jinsi yanavyovimba na kuwa meusi. Kapita alishika kichwa, akasema amezoea watu wanaokuja kwake kupigana, wanaokuja kusoma majani ndio mara ya kwanza. Watu wakacheka, na fimbo zikarudi nyumbani.

Hukumu ilikuwa ile ya siku zote: mchungaji aniletee maziwa kila asubuhi mpaka ng'ombe wapande mlima. Wengine hutuma mtu. Yeye aliyaleta mwenyewe. Alikuwa anakaa kwenye kile kiti cha ubao mlangoni, na kila siku tulibishana. Alisema nimemleta mtoto wa baridi nikamtia kwenye tanuru. Nilimwambia athibitishe. Alinionyesha majani ya chini yalivyokuwa manjano, na kwa hilo ilinibidi nikubali, kwa maana joto la bonde letu liliutesa mmea kuliko ukame. Alisema pia mbegu isiyokwaruzwa ni mbegu iliyokufa. Hapo nilimwonyesha shamba, nikamwambia haya unayoyaona yote ni maiti. Akacheka mpaka mkongojo ukaanguka.

Ng'ombe walipopanda, nilimpa nusu ya mbegu zilizobaki kwenye kopo. Mwaka uliofuata walishuka tena, na maziwa yakaja tena, ingawa hukumu ilikuwa imekwisha. Nilimkumbusha. Akasema kapita hakutaja mwaka.

Mwaka jana mwezi wa nane nilipanda Rurambo. Thierry nilimwambia nakwenda Lemera kwenye sala, na sala nilisali kweli nilipopita pale. Nilipumzika mara nyingi njiani, lakini nilifika. Agnès, mlima wote ulikuwa rangi ya mkeka wa zamani, na kwenye mtelemko mmoja kulikuwa na kijani. Maua yake meupe yenye umanjano yalijaa nyuki. Mwaka wa kwanza Sévère alikuwa amelifunga shamba lile kwa miiba asiruhusu hata ndama kuingia, wakati ng'ombe wake walikuwa wanahesabika mbavu. Ndugu zake walimcheka, wakasema Sévère amewanyima ng'ombe majani kwa sababu mwalimu wa bondeni amemkataza. Mwaka wa pili mizizi ilitambaa chini kwa chini ikajaza mapengo yenyewe. Wakaacha kucheka, wakaanza kuomba mbegu.

Wanawake wa pale walikusanyika, nami niliwafundisha kama darasa: mkwaruze mbegu kwenye jiwe la kusagia, polepole, mpaka ing'ae ndipo muache, msifike ndani, mchukue udongo wa shamba la zamani la mmea huu mchanganye nao, kwa sababu unga mweusi umekwisha na udongo ule una kazi ileile, mpande juujuu mvua inapoanza, mwaka wa kwanza msilishe, na mwenye kupalilia apalilie kwa vidole, ajue anachokishika, mwaka wa pili muukate unapotoa maua, muukaushe kivulini. Mmoja aliuliza kama mbegu iliyokwaruzwa inaweza kuwekwa mpaka mwaka mwingine. Nilimjibu kwamba hapana. Isiyokwaruzwa inaweza kulala miaka. Iliyokwaruzwa imekwisha kufunguliwa mlango. Usipoipanda mvua zinazokuja, inaoza.

Basi hapo ndipo habari njema inapokwisha, au inapoanza, sijui. Mwaka huu mwezi wa sita ulifika, ng'ombe wa Sévère hawakushuka. Si wengi, na majani ya astragali yaliyokaushwa yaliwatosha. Ndugu zake nao waliteremsha wachache tu. Kapita alikuja nyumbani kunipongeza: tangu kiangazi kianze hakuna mtu aliyeshika fimbo. Padri alilitaja shamba letu kwenye mahubiri. Nilifurahi, mdogo wangu, nilifurahi kweli. Kisha asubuhi moja nilijikuta nimetoa nje kile kiti cha ubao, nimesafisha chupa ya maziwa, nimesimama natazama njia, na njia ilikuwa tupu. Nikafahamu kwamba ni mimi mwenyewe niliyefanya kazi kwa bidii ili mtu yule asiwe na sababu ya kushuka.

Tangu siku hiyo sikai nikatulia. Ndiyo sababu ya kimya changu. Ningekwambia nini? Kwamba mbegu yako imefaulu nami nalalamika? Nilikwenda shambani bila jembe. Nilikwenda sokoni nikarudi bila chumvi niliyoifuata. Noella aliponipigia simu kuuliza kama nala vizuri, nilimkaripia, mtoto wa watu, halafu nikampigia tena kumwomba radhi.

Wiki mbili zilizopita, saa ya mchana, watu wakiwa wameketi mbele ya nyumba zao, Sévère alitokea kwenye njia. Alikuwa peke yake. Hakuna ng'ombe, hakuna ndama, hakuna hata chupa. Shati lilikuwa limepigwa pasi. Mama Ushindi alimwona wa kwanza, akapaza sauti ili nyumba zote zisikie: "Ee Mzee, ng'ombe ziko wapi? Leo umekuja kuchunga nani?" Wakacheka mpaka ng'ambo ya barabara. Mzee wa watu alivua kofia, akawasalimu wote, akajibu kwamba leo amekuja kuangalia kama miiba bado inafungwa.

Alikaa kwenye kiti chake. Hakubishana. Hapo nikaogopa. Aliniambia, kwa maneno machache, kwamba nyumba yake ina vyumba viwili na kimoja hakina mtu. Kwamba amezungumza na wanawe na padri wake. Kwamba akikubaliwa atashuka na wazee wake kwa kaka zetu kama inavyotakiwa, hata kama mimi ni bibi mwenye wajukuu, na tutafunga ndoa kanisani. Alisema anajua watu wa bonde watasema Mwalimu ameolewa na wachungaji, na watu wa mlima watasema Sévère ameleta jicho la bonde la kuwapeleleza nyumbani kwao. Alisema pia kwamba zikitokea tena zile siku mbaya za watu kupigana kati ya huku na huku, yeye hawezi kuniahidi kwamba hazitatugusa. Nilimpenda zaidi kwa neno hilo kuliko kwa mengine yote. Haya, nimeliandika. Umri huu, Agnès, na mkono huu uliokuchapa kwa kuandika barua za wavulana darasani. Cheka sasa, umalize, kisha uendelee kusoma.

Nilimwambia mimi si mtu wa kujibu swali kabla ya kulifikiri. Akasema analijua hilo. Alipoinuka alitoa mfukoni kitambaa kilichofungwa fundo, akakiweka mezani. Ndani mlikuwa na mbegu za mavuno yake mwenyewe. Zote zimekwaruzwa, zinang'aa. Nilimwuliza kwa hasira kwa nini amezikwaruza mapema hivi, wakati mimi mwenyewe niliwafundisha kwamba haziwekeki. Akanijibu kwamba alisikia vizuri nilichofundisha. Akasema nizipande mvua ikianza, popote nitakapokuwa. Akavaa kofia, akaenda.

Thierry hajui lolote. Namfikiria yeye na kile chumba chenye dirisha, jinsi alivyokijenga kwa moyo mweupe. Namfikiria marehemu mume wangu Basile, aliyelala hapa nyuma ya nyumba, na nafasi iliyoachwa pembeni yake ambayo kila mtu anajua ni ya nani. Nawaza siku nitakapougua kule juu na njia ikiwa matope. Kisha natoka mlangoni, natazama mlima, na siwazi tena. Uvira hakuna mahali pa kupanda mbegu hizi. Kwenye ua wa Thierry ni saruji tupu, na chini ya saruji ni mawe.

Kwa hiyo nakuomba mambo mawili. Usimwambie mtu, hasa kwa simu. Na usinishauri haraka, kwa maana nakujua, tayari umefungua mdomo. Niombee tu nipate utulivu wa kumkabili mwanangu Jumapili, kwa jibu lolote nitakalokuwa nalo.

Msalimie shemeji kwa heshima zote, na watoto uwabusu mmoja mmoja kwa majina yao. Mama Ushindi anakusalimu. Anauliza kama na huko mnapalilia. Yule mzungu mwambie mbegu yake imevuka maji na imezaa, lakini hayo mengine hayamhusu.

Leo mchana wingu la kwanza limesimama upande wa Rurambo, halijanyesha. Kitambaa kiko mezani hapa, mbele ya mkono wangu, fundo limefungwa. Mvua ikianguka nitakuwa nimeamua, kwa sababu mbegu hizi hazitanisubiri. Na siku hiyohiyo, nikiwa bado na udongo kwenye kucha, nitaketi nikuandikie ni udongo wa wapi.

Ni mimi dada yako akupendaye,

Mwalimu Victoire